Iodidi ya Zebaki: Sumu Iliyoingia Bafuni

Mhadhara kwa wananchi, Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira



Niliombwa nizungumze juu ya sumu za madini mazito. Hapo uwanja ni mpana. Ningeweza kuwapeleka Mombasa, kwenye mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia watu risasi, wakaenda mahakamani na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Ningeweza kuzungumzia rangi za kuta au petroli ya zamani. Nimechagua zebaki, na ndani ya zebaki nimechagua kampaundi mbili tu, kwa sababu hizo hazikungoja tuzifuate kiwandani. Zilikuja zenyewe nyumbani, zikawekwa juu ya beseni, tukajipaka kwa hiari na kwa pesa zetu.

Zebaki yenyewe, ikiwa haijaungana na kitu, wengi mnaijua. Ni ule uzi wa fedha uliokuwa ndani ya kipimajoto cha kioo cha hospitali. Wengine mnaijua kwa dhahabu: ukishuka kutoka Kisii hadi Migori, ukaingia Nyatike na Macalder, utawakuta wachimbaji wadogo wakiikoroga na mchanga wenye dhahabu kwa mikono mitupu, kisha wakichoma donge juu ya moto ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Kazi hiyo ni ya hatari kubwa, na najua kuna familia za hapa Borabu zenye vijana huko. Lakini nataka mshike jambo moja kabla sijaendelea. Zebaki ikiungana na elementi nyingine hubadilika sura kabisa. Huacha kuwa majimaji yanayong'aa, ikawa unga. Unga huo unaweza kuwa mwekundu, wa manjano au mweupe, na ule mweupe ukichanganywa na mafuta hakuna jicho litakaloutambua.

Nianze na mwekundu. Mwalimu wa kemia akiwa na maji yenye kloridi ya zebaki, akadondosha humo maji yenye iodidi ya potasiamu, rangi nyekundu ya kuelekea machungwa hutokea papo hapo, nzito, ikizama chini. Hiyo ndiyo iodidi ya zebaki. Akiendelea kudondosha iodidi ya potasiamu, wekundu wote huyeyuka na maji yakarudi kuwa angavu. Maji hayo yakitiwa alkali huwa ni dawa ya maabara iliyobuniwa na Mjerumani Julius Nessler mwaka 1856, na mpaka leo hutumika kugundua amonia: hata chembe ndogo ya amonia ikiingia humo, maji hugeuka manjano au kahawia. Iodidi ileile kavu, ukiipasha moto kufikia nyuzi 127 hivi za selsiasi, huacha wekundu ikawa ya manjano, na ikipoa hurudia wekundu wake. Fuwele zake, kwa sababu zimejaa atomi nzito, zinaweza kunasa miali ya eksirei na ya gama, kwa hiyo wanafizikia huzitumia kutengeneza vipima mionzi visivyohitaji kugandishwa. Ni kitu chenye tabia za kuvutia, na sioni aibu kusema kwamba kama mwanakemia nakipenda. Lakini walimu, msijaribu kukitengeneza mbele ya watoto. Vitabu vyenye picha vinatosha.

Kampaundi ya pili ni nyeupe. Kloridi ya zebaki ikikutana na amonia hutoa unga mweupe ambao wafamasia waliuita zebaki ya amonia. Haina harufu, haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji, na hukaa vizuri ndani ya mafuta ya kupaka.

Hizi mbili zilianza kama dawa. Zebaki huua bakteria na kuvu, na katika karne ya 19, kabla ya penisilini, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa na silaha chache. Iodidi ya zebaki ilitiwa kwenye sabuni ya kuua vijidudu, sabuni ambayo daktari alinawia kabla ya kupasua. Zebaki ya amonia iliwekwa kwenye marhamu ya mapunye na vidonda vya ngozi. Ndugu yao kalomeli, kloridi nyingine ya zebaki, alitiwa hata kwenye poda ya watoto wanaoota meno. Watoto wa Uingereza, Marekani na Australia waliopewa poda hiyo walipatwa na maradhi ya ajabu: viganja na nyayo huwa za waridi na kuchubuka, mtoto hulia mchana na usiku, hakubali kula, hawezi kuvumilia mwanga. Miongo ilipita bila sababu kujulikana. Katika miaka ya 1940 daktari Josef Warkany wa Cincinnati alipima mkojo wa mtoto mmoja na kukuta zebaki. Poda zilipoondolewa madukani katika miaka ya 1950, ugonjwa nao ukatoweka karibu kabisa. Natoa habari hii kwa sababu bado nasikia watu wakisema kwamba ngozi ya mzungu inastahimili vitu hivi na yetu haistahimili. Zebaki haitazami ngozi ni ya nani.

Sasa, wale waliopaka marhamu ya zebaki kutibu ngozi waliona pia kwamba mahali palipopakwa panakuwa peupe. Wafanyabiashara hawakuchelewa. Dawa ya vidonda ikageuzwa kuwa krimu ya urembo, na sabuni ya daktari ikawa sabuni ya kujichubua.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo, kwa hiyo niruhusuni niende polepole. Rangi ya ngozi yetu hutokana na kitu kiitwacho melanini. Hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini ya tabaka la juu la ngozi, na kazi hiyo huongozwa na kimeng'enya kimoja kiitwacho tairosinesi. Kimeng'enya hicho hubeba atomi za shaba katikati yake, na bila shaba hiyo hakifanyi kazi. Zebaki ikipenya ngozi huifikia sehemu hiyo na kuiharibu: kimeng'enya husimama, melanini haitengenezwi, na ngozi mpya inayopanda juu huja ikiwa imepauka. Hakuna uchawi hapo, wala hakuna kulishwa kwa ngozi, wala hakuna uchafu unaotolewa, hata kama kifungashio kinasema hivyo. Ni kimeng'enya kimeuawa.

Lakini zebaki haina chuki maalumu na tairosinesi. Inachotafuta mwilini ni protini, hasa zile zenye salfa, kwa maana zebaki na salfa hushikana kwa nguvu isiyo ya kawaida. Protini zenye salfa ziko kila mahali: kwenye ini, kwenye mishipa ya fahamu, kwenye ubongo, na kwenye figo. Ikishafika kwenye damu, zebaki huendelea na kazi ileile iliyoifanya kwenye ngozi, tena kwenye viungo ambavyo hatuvioni kwenye kioo. Ndiyo maana nasema wazi kwamba haiwezekani kutengeneza krimu ya zebaki iliyo salama. Ukiondoa sumu, umeondoa kile kinachochubua. Muuzaji akikuambia kwamba yake ni ile nzuri, isiyo kali, na bado ina zebaki inayofanya kazi, basi inaua vimeng'enya, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi anayoiuza.

Watu huniuliza: kwani kipande cha sabuni kina zebaki kiasi gani? Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sabuni za namna hii huwa na iodidi ya zebaki kati ya asilimia 1 na 3, na krimu huwa na zebaki ya amonia kati ya asilimia 1 na 10. Tupige hesabu pamoja. Chukua kipande cha sabuni cha gramu 100 chenye iodidi ya asilimia 1, yaani kile cha chini kabisa. Ndani yake mna gramu 1 ya iodidi. Kwa uzito, asilimia 44 ya iodidi hiyo ni zebaki tupu. Kwa hiyo umeshika miligramu 440 za zebaki, na kiwango chake ndani ya sabuni ni sehemu 4,400 kwa milioni. Mpaka uliowekwa na mikataba na viwango vya nchi nyingi kwa vipodozi ulikuwa sehemu 1 kwa milioni. Krimu ni mbaya zaidi. Zebaki ya amonia ni karibu asilimia 80 zebaki. Kopo la gramu 50 lenye asilimia 5 ya unga huo lina takriban gramu 2 za zebaki. Kipimajoto kimoja cha hospitali kilikuwa na gramu 1 hivi. Kipimajoto kikivunjika shuleni tunawatoa watoto darasani, na tunafanya vyema. Kopo lenye zebaki ya vipimajoto viwili linakaa juu ya meza ya kitanda.

Niwapeleke Nairobi, mwaka 1972. Katika Hospitali Kuu ya Kenyatta madaktari walikuwa wakipokea watu wazima waliovimba uso na miguu, mkojo wao ukiwa umejaa protini. Figo ya mtu mzima mwenye afya hufanya kazi kama chujio la chai: hupitisha maji na taka, huzuia kile kinachotakiwa kubaki. Ya hawa ilikuwa imetoboka. Madaktari waliwachunguza wagonjwa 60 na kuwauliza maswali juu ya maisha yao, na wakaona kwamba zaidi ya nusu walikuwa wakipaka krimu za kujichubua zenye zebaki. Mkojo wao ulionyesha zebaki. Baadhi yao walipoacha krimu, protini ilipungua kwenye mkojo na uvimbe ukaondoka. Utafiti huo ulichapishwa mwaka huohuo katika jarida la madaktari wa Uingereza, na mpaka leo hutajwa duniani kote kila maradhi haya yanapozungumzwa. Ulifanywa hapa kwetu, kwa miili ya watu wetu. Ni zaidi ya miaka 50 sasa. Nasikitika kwamba nimekutana na wanafunzi wa uuguzi ambao hawajawahi kuusikia.

Habari ya pili inatoka ziwani. Mtafiti mmoja Mjapani, Masazumi Harada, alikuwa daktari aliyetumia maisha yake kwa watu wa Minamata, mji wa pwani ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, na wavuvi pamoja na watoto wao wakaumia ubongo. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Katika miaka ya 1990 Harada na wenzake walikuja Ziwa Viktoria wakiwa na hofu hiyohiyo. Upande wa Tanzania kulikuwa na wachimbaji wengi wa dhahabu, zebaki ilitumika kwa wingi, na watu wa kando ya ziwa ni wala samaki. Wakakusanya nywele, kwa kuwa nywele hutunza kumbukumbu ya zebaki mwilini. Wala samaki wengi wakaonekana na viwango vya chini. Lakini palikuwapo watu wachache wenye viwango vikubwa mno, visivyoweza kuelezwa na samaki wala dhahabu. Walipofuatiliwa nyumbani, kilichokutwa ni sabuni. Baadaye Harada akafika upande wa Kenya, Kisumu, akakuta jambo lilelile, na makala yake ya mwaka 2001 ikaeleza dalili za waliotumia: kutetemeka, uchovu usioisha, kizunguzungu, na madoa meusi na meupe kwenye ngozi ileile waliyotaka iwe laini na ya rangi moja. Madoa meusi yasiwashangaze. Zebaki iliyokwama ndani ya ngozi kwa miaka huifanya kuwa ya kijivu, na mwenye kupaka akiona weusi huo huongeza dozi.

Mimi habari hii hunigusa kila niisomapo. Mtaalamu wa sumu ya zebaki, mwenye uzoefu kuliko karibu kila mtu duniani, alisafiri kutoka Japani akitazama migodi na samaki, na sumu ilikuwa kwenye kisahani cha sabuni.

Ilitoka wapi? Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana mwaka 1976 kuondoa zebaki kwenye vipodozi vyao, isipokuwa kiasi kidogo kwenye bidhaa za macho. Raia wao wakalindwa. Lakini sheria ile haikuzuia kutengeneza kwa ajili ya kuuza nje, na viwanda vya Uingereza na Ireland viliendelea kuchanganya iodidi ya zebaki na sabuni na kuipakia meli za kuja Afrika. Ni mwaka 2003 ndipo Ulaya ilipopiga marufuku kuisafirisha sabuni hiyo. Kwa miaka 27, basi, kitu kilichohukumiwa kuwa hatari kwa mama wa Dublin kiliruhusiwa kuuzwa kwa mama wa Kisumu. Nimelisema hili mbele ya hadhira nyingi, na kila mara huniumiza.

Kenya nayo ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki mwishoni mwa miaka ya 1990, na Shirika la Viwango, KEBS, limekuwa likitoa orodha za bidhaa zilizokatazwa. Mwaka 2013 mataifa yalikutana Kumamoto, karibu na Minamata yenyewe, yakatia sahihi mkataba wa dunia juu ya zebaki. Ulianza kufanya kazi mwaka 2017. Uganda na Tanzania ziliuridhia kabla yetu, sisi tukauridhia mwaka 2023. Mkataba huo mwanzoni uliruhusu ile sehemu 1 kwa milioni, na mwaka 2023 kule Geneva nchi wanachama wakaamua kwamba baada ya 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki, hata kidogo namna gani, kisitengenezwe, kisiingizwe wala kisiuzwe nje.

Sheria ziko, basi. Lakini krimu bado zinapatikana. Nyingi ya zile zinazokamatwa siku hizi hutoka Asia, huagizwa kwa simu, hufika kwa mfuko wa msafiri, na nyingine humiminwa upya kwenye vikopo visivyo na maandishi. Sikuja kumcheka dada anayejipaka. Tulirithi kutoka ukoloni desturi ya kumpa mwenye rangi nyepesi nafasi ya mbele, kwenye ofisi, kwenye matangazo, hata kwenye maneno ya shangazi anayemsifu mtoto mchanga. Na wanaume pia wanapaka. Msiwatazame wanawake peke yao.

Niseme basi namna ya kuitambua. Soma maandishi madogo ya nyuma. Zebaki huandikwa kwa Kiingereza kama mercury, au mercuric iodide, au ammoniated mercury, au mercurous chloride, au calomel, au kwa herufi mbili tu, Hg. Wengine hawaandiki lolote, lakini huweka onyo kwamba bidhaa isiguse pete za dhahabu, fedha au alumini. Ukiona onyo hilo, irudishe: zebaki huungana na metali hizo, na mtengenezaji anajua. Bidhaa yenye nembo ya KEBS ina namba ya kibali chini ya nembo. Andika SM, alama ya reli, kisha namba hiyo, tuma kwa 20023, na jina litakalorudi lifanane na la kwenye kopo. Krimu isiyo na maandishi yoyote isipakwe na mtu, hata ikiwa imetoka kwa rafiki.

Na aliyekwisha kutumia? Aache leo. Mwili hutoa zebaki ya namna hii polepole; nusu yake huhitaji karibu miezi miwili kutoka, kisha nusu ya iliyobaki, na kuendelea. Aende kituo cha afya apimwe mkojo kwa kijiti cha protini, kipimo rahisi ambacho hakihitaji kufika Nairobi. Amwambie muuguzi bila kuficha amekuwa akipaka nini, kwa maana kutetemeka, kukosa usingizi na hasira za ghafla huweza kutibiwa kama maradhi mengine kabisa, na mkojo wenye povu ukadhaniwa ni uchovu. Ikihitajika, daktari wa Kisii atajua kama apewe dawa za kuvuta zebaki. Aje na watoto pia. Mama anayejipaka humpa mtoto zebaki kupitia maziwa, taulo, shuka na hewa ya chumba, na mtoto hahitaji nyingi.

Kuhusu kipande kilichobaki nyumbani, msikichome, kwa kuwa moto huigeuza zebaki kuwa mvuke na mvuke ndio huingia mapafuni kwa urahisi zaidi. Msikitupe chooni wala kwenye kijito kinachopita chini ya majani chai, maana kwenye matope vijidudu huigeuza kuwa ile zebaki ya Minamata inayopanda kwenye samaki. Kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko huo ndani ya mwingine, kiandikwe sumu, kiwekwe mbali na watoto, kisha kipelekwe kwa afisa wa afya ya umma au ofisi ya mamlaka ya mazingira, NEMA, katika kaunti. Taulo na foronya zilizoguswa na krimu zifungwe kwa namna hiyohiyo, zipelekwe pamoja nacho.